Kaka Kanikazia Kiti

Shoga, uko wapi? Nina hasira!

Kaka kaniharibia kiti cha kushonea. Kile nilichokichonga mwenyewe, chenye mbao mbili mbele za kubana ngozi ya mikoba. Nikikanyaga kamba yake zinabana, nikiachia zinafunguka, mikono yote inabaki na sindano.

Nimerudi sokoni namkuta amekikalia, anatabasamu. Eti, "Mdogo wangu, mbao zako zilikuwa zinachezacheza. Nimekukazia."

Amezikaza. Kwa gundi na misumari. Seremala mzima anaona mbao zinacheza, hajiulizi kwa nini zinacheza.

Nikamwambia zinatakiwa zicheze, la sivyo ngozi itaingiaje? Akanijibu, "Kitu kinachocheza ni kibovu."

Kibovu. Kiti changu mimi.

Mama naye akadakia kutoka jikoni: "Yaani umeshindwa hata kumshukuru kaka yako?"

Na nimemshukuru, shoga. Nimesema asante kwa mdomo wangu huu huu, na yeye akaniambia usijali.

Usijali!

Sasa mkoba wako ulioagiza kwangu nitaushona nimeubana kwa magoti kama zamani. Mshono ukipinda, usinipigie mimi. Nenda kamshukuru yeye.