Kiingereza cha Marwa

Mpendwa Dada Rehema,

Huku Kerende dhahabu imewatia watu wazimu na vumbi lake limeingia mpaka kwenye ugali. Jana mzungu mmoja alikuja kununua shamba la mama mdogo ili achimbe. Mkalimani wake, Marwa, ni dalali wa Sirari. Kiingereza chake chote ni "gonna" na "wanna", na wazee wanakisifu kwa sababu kinakwenda mbio.

Mama mdogo aliuliza jambo moja tu: kaburi la mumewe litabaki? Mzungu akajibu kwa maneno yaliyomezwa nusu.

"Amekubali, mama. Weka dole," Marwa akasema, akimchovya kidole kwenye wino na kumsogezea mkataba.

Mimi na vyeti vyangu vya ualimu sikuwa nimeelewa kitu. Lakini nilimwona Marwa akikwepa macho yangu, nikajua naye hakuelewa. Nikamwomba mzungu arudie polepole.

"Mwalimu, hiki si cha darasani," Marwa akanicheka, na wazee nao wakacheka.

Mzungu akarudia: kaburi litahamishwa.

Mama mdogo akafuta wino kidoleni kwa kanga yake, akarudi kupalilia mihogo.

Nibusie mwanao Amani, na umzoeze kusema "sijaelewa" bila kuona haya.

Mdogo wako,
Ghati