Mshauri Aliyekuja na Majembe

Mjukuu wangu Yustina,

Huku Chala hatujambo, ulezi umekomaa, na babu yako anakohoa kidogo tu. Unauliza kama ni aibu kumwendea mshauri, maana tangu mhamie Dodoma wewe na mumeo hamsemezani.

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, mimi nililia nyumba yetu ya zamani, babu yako akawa hasemi kitu. Shangazi yake alikuja, wala hakuuliza nani mkosaji. Alitukabidhi majembe tufukie majani kwenye tuta moja yaoze yawe mbolea, mimi upande huu, babu yako upande ule. Tukiwa tumeinama, babu yako akasema, “Hata mimi naikumbuka ile nyumba.”

Kumbe msiba ulikuwa wetu sote.

Nendeni, mama, lakini mwende wote wawili.

Bibi yako