Mikono Yangu Yatetemeka Mbele ya Nyoka kwa Ajili ya Muziki wa Dakta Xinia

Mpendwa Mshauri Doña Mireya,

Naomba msaada wako, na kabla sijauomba naomba radhi kwa kuchukua nafasi ambayo pengine ingemfaa mwenye shida ya maana zaidi. Mimi ni mgane wa miaka sabini na mmoja, niliyelelewa katika shule ya misheni hapa Limón, na ni mtaalamu wa sumu za nyoka katika maabara itengenezayo dawa ya walioumwa. Kazi ya kukamua sumu hufanywa na wawili, mmoja humshika nyoka shingoni na mwenzake humkingia kikombe cha kioo, na kwa kuwa mkono uliokerwa ni mkono wa hatari, tuna sheria moja isiyovunjwa: amshikaye nyoka ndiye achaguaye muziki. Katika zamu zangu nilichagua nyimbo za kanisani zenye kinanda, lakini alipokuja Dakta Xinia Ugalde, mjane mwenye heshima zake na kicheko cha kumtoa nyoka pangoni, nilimpa zamu zangu zote, kama wengine watoavyo maua, nami nikabaki na kikombe, pasipo kujua kwamba mama huyu hupenda roki nzito, yaani magitaa yangurumayo na mwimbaji akoromaye kama anayekabwa, naye aliponiuliza, "Don Egbert, unauonaje huu mziki?" nikajibu kwa adabu niliyofunzwa, "Mtamu sana, doña," akafurahi, akaninunulia fulana nyeusi yenye fuvu, ambayo huipiga pasi na kuivaa pamoja na tai.

Sasa kikombe kinatetemeka, na sumu inamwagika mezani. Mkuu wetu, Don Rándall, aliniambia mbele ya watu, "Mzee, mikono hiyo imeshachoka. Ijumaa hii iwe ya mwisho, halafu nenda kacheze na wajukuu." Dakta Xinia akamrukia: "Mikono yake mizima kuliko yako! Anatetemeka kwa utamu wa mziki, wewe humwoni?" Kisha, ili kunistarehesha, akaongeza sauti.

Nikisema kweli, nachelea kumpoteza. Nikinyamaza, nitaipoteza kazi, na yeye pia, kwa kuwa sina mahali pengine pa kumwona. Nifanye nini? Uniwie radhi kwa urefu wa barua hii.

Wako mtiifu,
Egbert Grandison

Don Egbert,

Pole. Na usiombe radhi tena, maana umeomba mpaka nimeanza kujiona mimi ndiye mkosaji.

Adabu ni nzuri, ila yako imegeuka ugonjwa. Humo chumbani mko watatu: nyoka hana masikio, mama anaburudika, anayeteseka ni wewe peke yako, tena umeyavaa mateso yako na kuyapiga pasi! Wala usijidanganye kwamba unamhifadhi. Kikombe kinayumba mbele ya meno ya nyoka, na vidole vya mama huyo viko papo hapo. Siku moja huo uongo wako wa kistaarabu utamuuma yeye.

Kwanza jipime. Kaa nyumbani, weka wimbo wako wa kinanda, shika kikombe cha kahawa kilichojaa pomoni. Kikimwagika, Don Rándall ana haki. Nenda kwa wajukuu. Kisipomwagika, Ijumaa dai zamu yako. Shika nyoka wewe, kikombe mpe Doña Xinia, mkuu asimame pale atazame, nawe uchague wimbo mrefu kuliko yote, beti zake zote. Sheria ni sheria. Fulana iache nyumbani.

Ukweli mwambie kazi ikiisha, si kabla. Mtu haambiwi jambo zito akiwa karibu na nyoka. Ila wakati kinanda kinalia, kitupie jicho kile kikombe. Kikitulia mkononi mwake, umepata mke anayependa nyimbo zako. Kikitetemeka huku anakutabasamia, akisema ni mtamu sana, basi umepata mwenye adabu mwenzako. Vyovyote iwavyo, mrudishe nyoka sandukuni, funga kifuniko, umpose mama huyo.