Swali la Fundi wa Chimala

Mwanjelwa, Mbeya
Alhamisi

Kaka Filemoni,

Nianze kwa kukuulizia hali yako, ya wifi Leokadia na watoto, na kama mafua ya msimu huu yamewaachia hapo Ipogolo. Sisi tu wazima. Mama anakula vizuri na kila siku anauliza pikapu yako itapona lini. Habari za pikapu hiyo uliyoniazima naziandika badala ya kupiga simu. Kwa simu nimeshasema mengi, na baadhi yake hayakuwa kweli.

Unakumbuka nilivyokueleza. Mkanda wa taiming ulikatika Chimala nikiwa nimesimama, injini ikinguruma polepole, nangoja mchele wa wifi upakiwe. Fundi Masunga akafunga mkanda mpya siku hiyo hiyo. Sijafika Igurusi, injini ikaanza kugonga na kukosa nguvu mlimani. Nikakwambia Masunga ametufungia mkanda wa zamani, na huenda amebadili na vifaa vingine. Nikaongeza kwamba aliniuliza jambo moja mara tatu, kama mtu anayejiwekea kinga mapema. Ukaenda Chimala ukachukua sanduku lake la spana, ukamwambia hatalipata mpaka atengeneze injini. Leo ni siku ya kumi na mbili hafanyi kazi.

Juzi niliipeleka pikapu kwa fundi Andendekisye hapa Mwanjelwa, nikamwambia atafute wizi. Akanijibu kwamba yeye anatafuta kelele, wizi nitafute mwenyewe. Nilikaa juu ya tairi na daftari langu nikaandika kila alichogusa. Mkanda ni mpya, na alama zake zote za kuupangia zimekaa mahali pake. Nikasema huenda zilirekebishwa baadaye. Akauliza zilirekebishwa na nani, wakati gari lilikuwa kwangu. Akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini sikioni, akasema inakohoa kuliko mzee wa kanisa anayetaka watu wajue amefika. Kisha akachomoa waya za plagi moja moja. Alipochomoa ya tatu, mngurumo haukubadilika. Silinda hiyo ilikuwa haifanyi kazi.

Jana akafungua silinda hedi, kile kichwa cha injini kinachobeba valvu. Valvu mbili zimepinda, na juu ya pistoni kuna alama mbili kama za kucha. Hata hapo bado nilimshuku Masunga. Andendekisye akanieleza taratibu kwamba mkanda ukikatika injini ikiwa inazunguka polepole, valvu zaweza kupona. Anayezimaliza ni mtu anayeizungusha tena injini bila mkanda unaoziongoza, pistoni zikapanda na kuzigonga. Akashangaa fundi wa kwanza hakuuliza kama gari lilisukumwa.

Aliuliza, kaka. Hilo ndilo swali la mara tatu.

Gari lilipozima nilidhani ni betri. Niliwaomba wapakiaji wanne wa mchele wasukume, nikatia gia ya pili na kuachia klachi, kama baba alivyotufundisha kwa kila gari linalogoma. Liliruka, kikasikika kitu kikigonga ndani, likasimama. Tukarudia. Mmoja akanitania kwamba kesho niandike gazetini habari ya abiria wanaolibeba gari. Masunga alipofika walikuwa wameshaondoka. Alinieleza kwamba kama lilisukumwa, itabidi afungue silinda hedi kabla ya kufunga mkanda. Nikasema halikusukumwa, mara zote tatu, kwa sababu gari ni lako na nilikuahidi kulirudisha kama lilivyo. Akaniamini.

Miaka ishirini na miwili kazi yangu ni kuuliza watu maswali na kuwashuku wanapojibu. Yeye aliuliza vizuri kuliko mimi.

Barua hii naituma kwa basi la leo. Rudisha sanduku lake kesho, na spana zote zikiwamo. Mpe barua hii aisome mwenyewe. Jumamosi nitashuka Chimala nimjibu swali lake mbele ya wapakiaji wale wale. Matengenezo ni juu yangu.

Mwambie wifi mchele wake ninao, haujalowa. Mama anakusalimu. Bado hajui kwamba kosa ni langu, nitamwambia leo tukishakula.

Ni mimi mdogo wako,
Tupokigwe