Damu ya Sharubati na Damu ya Fundi Kassimu

Jumapili, maghrib bado kidogo. Mvua imenyesha tangu asubuhi na sasa imebaki manyunyu tu. Nimerudi kutoka Segerea nimelowa mpaka magotini, nimebadilisha nguo, nimekaa na chai. Moyo umetulia. Haujatulia hivi tangu Jumanne.

Naanza kwa kukiri jambo.

Wanaonisoma hapa wananijua kwa mapazia. Rangi gani inafaa sebule ndogo, kitambaa gani hakipauki kwa jua. Sijawahi kuandika kwamba napenda filamu za mauaji. Si za kipelelezi zile, hapana. Nazungumzia zile za mwanzoni mwa miaka ya themanini, za mtu mwenye kinyago anayewawinda vijana kambini kwa kisu, mmoja baada ya mwingine, mpaka anabaki binti mmoja tu. Zile ambazo damu inaruka mpaka darini. Ninazo kwenye simu, ndani ya faili nililoliita "Mitindo ya Mapazia" ili asilifungue mtu.

Mie ni mama wa watoto wawili, nina miaka arobaini na mitatu, Ijumaa nakaa darsa na kina mama wenzangu. Miaka yote nimekuwa nikiona aibu kulisema.

Sasa nieleze yaliyotokea.

Jumanne kama saa tano asubuhi nilikuwa dukani kwangu Manzese, nakata kitambaa. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni Fundi Kassimu, anachomelea mageti na madirisha. Grainda yake ya kukatia vyuma inalia kutwa, nimeizoea kama mtu anavyozoea mtoto wa jirani. Siku hiyo mlio ukapanda ghafla, kikafuata kishindo kama sahani imepasuka, halafu kimya. Ni kile kimya kilichonitoa nje.

Alikuwa amekaa chini, ameegemea geti alilokuwa analitengeneza. Diski ya grainda ilikuwa imepasuka ikamkata paja la kushoto, upande wa ndani. Suruali imechanika, damu inatoka kwa kusukumwa, inapiga na kutulia, inapiga na kutulia.

Watu walikuwa wengi. Kijana wa viatu amegeukia ukutani. Dada wa mgahawa amejifunika uso kwa khanga. Mwingine alikuwa anazunguka tu huku ameshika kichwa. Sisemi hivi kuwalaumu. Kuna mambo ambayo mwili wa mtu unayakataa wenyewe, kabla hajaamua.

Wangu haukukataa.

Nilipiga magoti. Begani nilikuwa na kipande cha pazia la mteja, kitambaa kizito cha rangi ya maziwa. Nikakikunja, nikakisukumiza pale kwenye jeraha, nikakilalia kwa mikono yote miwili. Hilo la kukandamiza sikulipata kwenye filamu. Filamu zile hazifundishi kuponya, zinafundisha kukata tu. Nimelijua kwa mkasi, maana hakuna fundi cherehani ambaye hajajikata. Lakini kutazama, kuitazama nyama iliyo wazi mpaka nikaona damu inatoka hasa wapi, nikaweka mikono papo hapo na si pembeni, hilo najua nilikolitoa.

"Mama Sabra," aliniita. Midomo yake ilikuwa imepauka. "Geti la watu linachukuliwa leo."

"Watasubiri," nilimwambia. "Nitazame mie, usitazame mguu."

"Nakufa?"

"Sijui. Nitazame mie."

Kuna mtu alileta bajaji. Wakambeba, nikapanda naye hivyohivyo, mikono haijatoka. Njia nzima nilikuwa namuuliza majina ya watoto wake, akinijibu, na akichelewa kujibu nazidi kukandamiza. Hospitali, daktari wa zamu alinibandua vidole kimoja kimoja kwa sababu havikunjuki. Akaangalia jeraha, akaniangalia mimi. "Ungelegeza njiani, sasa hivi tungekuwa tunaongea mengine," alisema, akaingia naye ndani.

Nikatoka nje nikatafuta bomba, nikatapika.

Naliandika hili kwa sababu sitaki kujifanya shujaa. Damu ya kweli ina joto. Ina harufu ya chuma kilicholowa. Ikikauka inavuta ngozi ya mkono. Filamu hazikuwahi kuniambia hayo, na hazikuweza, maana ile yao ni sharubati tu iliyotiwa rangi. Huko anakufa kijana ambaye hata jina lake hulikumbuki. Huyu ni Kassimu, ambaye asubuhi hiyohiyo aliniazima ngazi.

Jumatano dada wa mgahawa aliniuliza, bila ubaya wowote, "Mama Sabra, wewe una moyo gani?" Nikacheka. Lakini swali likanikaa moyoni. Jana nilikwenda kumwona Kassimu wodini. Amekaa, anakula uji mwenyewe, mguu umeshonwa, daktari anasema atatembea. Mkewe alinikumbatia akalia begani kwangu. Badala ya kufurahi nikajiona tapeli. Nikawaza: huyu mama ananishukuru, hajui kwamba mtu aliyemwokoa mumewe huwa anakaa akila bisi akitazama watu wanachinjwa.

Ndiyo maana leo, na mvua yake yote, nikaenda Segerea kwa Shangazi Zuhura.

Shangazi ni dada wa baba, na ndiye aliyenitia kwenye mambo haya. Nilipokuwa na miaka kumi na moja tulikuwa tunakaa naye jirani, hapahapa Manzese. Kila Jumamosi baada ya adhuhuri alikuwa ananipitia, ananishika mkono, tunakwenda ukumbi wa video. Ukumbi gani, kilikuwa chumba cha mabati chenye mabenchi, blanketi dirishani, na runinga moja juu ya meza. Ndani ni wanaume tu. Shangazi aliingia na baibui lake akakaa benchi la mbele, na sikumbuki hata siku moja mtu kuthubutu kumwambia kitu.

Kanda zilikuwa zimerudufiwa mara nyingi hadi damu imekuwa rangi ya chungwa. Pembeni alisimama kaka mmoja mtafsiri, na ikifika pabaya alikuwa anaacha kutafsiri, anamwonya binti wa kwenye filamu kwa Kiswahili asipande ngazi. Ukumbi mzima unamwonya. Binti anapanda. Tulikuwa tunapiga kelele, tunacheka, tunashikana na watu tusiowajua. Nikiziba macho, Shangazi alinishusha mikono taratibu. "Tazama," alikuwa akisema. "Ukiziba utaona kibaya zaidi kichwani mwako."

Nilipokuja kujifunza cherehani nikaanza kuzipenda kwa sababu nyingine. Wakati ule hapakuwa na kompyuta za kutengeneza kila kitu. Ile shingo inayokatwa kuna mtu aliikalia siku nzima, akaiumba, akaipaka rangi, na ukitazama vizuri unaona pale ngozi ya bandia ilipoungwa na ya mtu. Mie nauona ule mshono, na namheshimu aliyeushona. Damu ya filamu za siku hizi haina uzito.

Nilimkuta Shangazi anachambua mchele sebuleni. Shikamoo, marahaba, nikavuliwa viatu vilivyolowa kama mtoto. Nikamsimulia yote, kuanzia kile kimya mpaka bomba la hospitali. Hakunikatiza. Mwisho nikamwambia, "Nimekuja kukushukuru. Wewe ndiye uliyenifundisha kutoogopa."

Akaacha mchele. "Nani kakwambia mie nilikuwa siogopi?"

Nikamwambia ni benchi la mbele, ni yale macho yasiyofumba.

"Mwaka ule mume wangu alikuwa ameniacha," alisema. "Nimebaki na chumba kimoja na kuta zake. Nilikuwa naogopa kila kitu. Mtu akipita dirishani naogopa. Kukicha naogopa. Hofu yenyewe haina mwanzo wala mwisho, inakaa tu na wewe kama mpangaji. Sasa ukiingia pale ukumbini, hofu yote inahamia kwenye kile kiruninga. Ina pa kuanzia. Saa moja na nusu imekwisha, blanketi linatolewa, mwanga unaingia, na yule binti mmoja yuko hai. Kachafuka, analia, lakini yuko hai. Mie nilikuwa nakwenda kumwona yeye."

Miaka thelathini na zaidi natafuta maneno ya kujitetea kwa kupenda filamu hizi, na yeye alikuwa nayo muda wote.

"Na mie ulikuwa unanichukua kwa nini?" nilimuuliza. "Nilikuwa mtoto."

"Peke yangu nisingeweza kuingia," alisema. "Wewe ndiye uliyekuwa unanishika mkono. Hukujua?"

Sikujua.

Alasiri tulipomaliza kuswali nilitoa simu nikafungua faili. Nikaiegemeza kwenye kopo la sukari, tukatazama moja, yeye kavaa miwani yake, mvua inapiga bati. Picha ni safi siku hizi, damu ni nyekundu kabisa. Pale binti alipoelekea kwenye ngazi Shangazi akamwambia kwa sauti ya chini, "Usipande, mwanangu." Nikacheka mpaka machozi, na baadhi ya machozi hayakuwa ya kucheka. Mkono wake ulikuwa juu ya wangu. Ulikuwa unatetemeka, na nadhani ulitetemeka hivyohivyo zamani, ila nilikuwa mdogo nikafikiri ni wangu.

Nashukuru Mungu kwa Kassimu aliye hai. Nashukuru kwa mama wa baibui aliyeniingiza kwenye chumba cha mabati akiwa ameshikilia kidole cha mtoto ili yeye mwenyewe asianguke. Sijioni tapeli tena. Wiki ijayo nitamweleza mke wa Kassimu ukweli wote, akicheka acheke.

Kuna kitu kimoja tu kinanisumbua, nakiandika ili nisikikimbie. Nilipoolewa niliacha kwenda naye. Ukumbi ukafungwa, yeye akahamia Segerea, na mie nikawa wa kumpigia simu sikukuu kwa sikukuu.

Jumamosi zote hizo, Shangazi alikuwa anamshika nani mkono?