Plagi Mpya Kabatini

Jumamosi jioni, Magomeni

Nina hasira, na wa kumlaumu ni mimi mwenyewe.

Gari langu la zamani la rali lina wiki mbili linamisi, linakohoa kila nikilikanyagia mafuta. Asubuhi nikaenda Kariakoo, nikakuta plagi zimejaa dukani mpaka mlangoni. Nikanunua nne. Niliporudi nikafungua zile kuukuu, nikazisugua kwa msasa zikang'aa, nikazirudisha kwenye injini. Mpya nikazifungia kabatini.

Gari likawaka, likakohoa vilevile.

Mke wangu akatoka na ungo wa mchele. "Baba Neema, si umenunua mpya?"

"Hizo za akiba. Zikiadimika je?"

"Maduka yamejaa, wewe unamwekea nani?"

Ile miaka ya foleni, tulipokuwa tunaficha hata sabuni, bado imo mikononi mwangu. Naogopa itarudi.

Basi nikazitoa mpya kabatini, nikazifunga zote nne. Injini ikanguruma, kuku wa jirani wakaruka ukuta! Kesho nafungua breki mwenyewe, fundi simwiti.

Zile kuukuu nimezifunga kwenye gazeti, ziko uvunguni. Mama Neema hajui.