Mpaka wa Nyota na Miwa ya Shianda

Nairobi, 4 Machi 1979

Mpendwa Baba,

Salamu nyingi. Mimi mzima, sijui wewe na Mama.

Baba, furaha itanipasua! Profesa amekubali hesabu zangu. Nyota kubwa mno ikiishiwa moto, hujiangukia yenyewe. Watu hudhani giza huanzia nje. Wapi! Mpaka wa kutorudi, ambao ndani yake hata mwanga hautoki tena, huanza kama nukta katikati kabisa, huku nje bado kunang'aa, kisha hupanuka hadi uimeze nyota yote. Mwanga ulio ndani yake umeshanaswa wala haujui! Ni kama sungura katikati ya miwa mkiwasha moto pande zote: anatafuna tu. Na shimo jeusi linalobaki likilishwa zaidi, mpaka hukua tena.

Uingereza wameniita nikasome haya miaka mitatu. Bila neno lako siendi.

Mwanao, Awinja


Shianda, 25 Machi 1979

Mwanangu Awinja,

Habari za huko? Sisi tuko, Mama anakohoa kidogo tu.

Barua yako ilinifurahisha nikaisoma kanisani. Kumbe najipalia makaa! Mzee Lusweti akauliza, "Kwani jua si nyota?" Sasa watu wamekataa kupanda. Wanasemanga miwa inataka karibu miaka miwili, na jua linaweza kuanguka mwakani! Mbegu zinakauka kando ya barabara, na mwenyekiti wa wakulima ni mimi.

Uingereza ngoja kwanza. Umevuruga kijiji ukiwa Nairobi tu, je, ukifika ng'ambo? Jibu upesi.

Baba yako


Nairobi, 30 Machi 1979

Mpendwa Baba,

Poleni, na Mama pole kwa kikohozi. Nimecheka, kisha nikalia.

Waambie jua ni jepesi mno kujiangukia hivyo. Litazeeka na kupoa, baada ya mabilioni ya miaka. Hata shimo lenye uzito uleule wa jua likiwekwa mahali pake, dunia italizunguka vilevile, ila kwa baridi na giza. Hilo usilisome kanisani!

Pandeni. Lakini Baba, Uingereza wanataka jibu mwezi ujao wa Aprili.

Mwanao, Awinja


Shianda, 22 Aprili 1979

Mwanangu Awinja,

Hatujambo, Mama amepona. Nilisoma yote, hata ulilokataza. Lusweti akasimama: "Basi tunangoja nini?" Tumepanda wiki nzima, na mvua ikatuunga mkono.

Mimi kijiji hakikunitisha, mwanangu. Niliogopa ukienda usirudi. Jana nilipiga hesabu shambani: miwa hii itakatwa ukiwa huko, na machipukizi yake yatafika kiunoni kabla sijakuona. Nitaumia, nisikudanganye.

Nenda.

Baba yako